Neno "haraka" halina kitendo ndani yake

Mwaka jana familia moja ya Goba, Dar es Salaam, iliniomba niende kwao alfajiri, wakati wateja wangu wengi huniita jioni. Mama alisema mtoto wake wa pili, wa miaka sita, "ana tatizo la asubuhi". Nilifika saa 10:45, mbwa wa jirani bado wanabweka, nikakaa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni na daftari langu. Sikuwa na mpango wa kuhesabu kitu. Lakini baada ya dakika kumi hivi nilijikuta nachora kistari kila nisikiapo neno moja, na gari la shule lilipopiga honi getini saa 11:40, vistari vilikuwa 31.

Neno lenyewe ni "haraka". Amka haraka. Vaa haraka. Kunywa chai haraka, konda hatakusubiri.

Mtoto hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi, akiitazama kana kwamba hajawahi kuiona. Dada wa kazi alikuwa anampasia kaka yake shati. Baba alikuwa chumbani anaita kuuliza funguo za gari ziko wapi. Mama alikuwa kila mahali.

Kwa wasionifahamu: mimi ni mtaalamu wa tiba kazi. Nikisema hivyo kwenye harusi, watu hudhani nawatafutia watu ajira. "Kazi" hapa ni zile shughuli zinazoijaza siku ya mtu, na kwa mtoto ni kula, kuoga, kuvaa, kucheza na kujifunza. Tunachofunzwa ni kuichukua shughuli moja, kuivunja vipande vipande, na kutazama ni kipande gani kinamshinda mtu huyu. Kwa hiyo nikiambiwa mtoto "ana tatizo la asubuhi", swali langu la kwanza ni: kipande kipi cha asubuhi?

Turudi kwenye neno letu. Mtu mzima akiambiwa "fanya haraka" anajua la kufanya, kwa sababu orodha ya vitendo anayo kichwani tayari, naye anaiongezea kasi tu. Mtoto wa miaka minne, mitano, sita, hana orodha hiyo. Muda kwake bado ni kitu cha kuelea. "Dakika tano" na "nusu saa" ni maneno ya wakubwa. Ukimwambia "haraka" hujamwambia afanye nini. Umempa sauti kali tu. Hapo atafanya moja kati ya mawili: ataganda, au atalia. Yule wa Goba alikuwa wa kuganda, na watoto wa kuganda ndio wanaochapwa zaidi, kwa kuwa wanaonekana wajeuri.

Halafu kuna jambo la ubongo wenyewe. Mtu akiamshwa, hasa akitolewa katikati ya usingizi mzito, hazinduki mara moja. Kuna kipindi, mara nyingi dakika 15 hadi 30, wakati mwingine zaidi, ambapo macho yako wazi lakini akili ingali kwenye mang'amung'amu. Anayekosa usingizi wa kutosha huchelewa zaidi kutoka humo. Sasa mtazame mtoto aliye katika hali hiyo, kisha sikiliza anachoambiwa: "Nenda kaoge, usisahau mswaki, sare iko kwenye kiti, na umwambie dada akufunge nywele." Maagizo manne kwa mpigo. Atakumbuka la kwanza au la mwisho. Hata wewe, saa 10:50 alfajiri, ungekumbuka mangapi?

Ninachowafundisha wazazi ni kuliondoa "haraka" na kuweka "kisha". Asubuhi iwe na mfuatano mmoja, ule ule Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka kitendo kimoja kiwe ndicho kinachokumbusha kinachofuata. Choo, kisha uso na mswaki, kisha sare, kisha uji, kisha viatu, kisha begi. Mpangilio si lazima uwe huo. Nimeona nyumba zinazotanguliza chai kwa sababu mtoto akivaa kwanza anaimwagia sare, na ni sawa kabisa. La msingi ni usibadilike kesho.

Mfuatano huo usikae kwenye kinywa cha mama. Uuweke kwenye vitu. Nyumba ya Goba tulipiga msumari mmoja ukutani, usawa wa bega la mtoto, tukatundika henga yenye sare nzima, kuanzia nguo ya ndani hadi sweta. Chini yake viatu, na ndani ya kila kiatu soksi yake. Begi sakafuni pembeni ya viatu. Picha sita zilichorwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi (baba ndiye aliyechora, mswaki ulifanana na reki) zikabandikwa mlangoni. Mama alipewa sentensi moja tu: "Umemaliza hiyo? Kisha?" Mtoto anatazama boksi, anajibu mwenyewe. Akishajibu mwenyewe, ugomvi umepungua nusu, kwa sababu hakuna wa kubishana naye.

Kuhusu kuvaa, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo asubuhi nyingi zinapovunjikia.

Kuvua hutangulia kuvaa. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuvua soksi na kuitupa uvunguni, lakini kuivaa huku kisigino kikikaa mahali pake ni kazi ya baadaye sana. Vifungo vidogo vya shati la shule vinataka vidole viwili vya kila mkono vishirikiane huku macho yakitazama chini ya kidevu. Kamba za viatu zinawashinda wengi hata wakiwa na miaka sita. Mzazi anayemtaka mtoto wa chekechea afunge kamba saa 11:30 alfajiri, gizani, gari likipiga honi, anatafuta vita. Nunua viatu vya kubandika. Kamba atajifunza Jumamosi.

Mbinu tunayoitumia sana ni kuanza na mwisho. Usimwachie mtoto shati zima. Wewe funga vifungo vyote, bakiza kimoja cha chini, hicho afunge yeye. Wiki ijayo bakiza viwili. Soksi vivyo hivyo: ivushe vidole na kisigino, yeye aipandishe tu. Sababu ya kwenda kinyumenyume ni kwamba kila mara mtoto ndiye anayemaliza. Akianza yeye na kushindwa katikati, kisha wewe ukamalizia kwa kumpokonya, kila siku anafungua asubuhi kwa kushindwa. Akimalizia yeye, anaondoka akiwa amefanikiwa jambo moja kabla hata jua halijachomoza.

Na kuna watoto ambao nguo zenyewe zinawaumiza. Wazazi huwa hawaniamini nikisema hivi, lakini mshono wa soksi unaopita juu ya vidole, au lebo ya shingoni, kwa baadhi ya watoto ni kama mchanga kwenye jicho. Ngozi yao inapokea mguso kwa ukali kuliko yako. Kata lebo. Geuza soksi nje ndani. Ifue sare mpya mara mbili tatu kabla haijavaliwa. Yule wa Goba, tatizo lake lilikuwa hasa hapo: soksi. Miezi mitano ya kelele kwa ajili ya uzi mmoja.

Maji nayo. Kopo la maji ya baridi alfajiri huzindua watoto wengi, lakini kwa hawa wa ngozi kali ni mshtuko unaoharibu saa nzima inayofuata. Najua nitapigwa mawe, ila nasema: si kosa mtoto kuoga vizuri usiku, halafu asubuhi akanawa uso, kwapa na miguu kwa maji ya uvuguvugu. Joto la Dar lenyewe linadai kuoga usiku. Wengine husaidiwa na kazi ya misuli kabla ya kuvaa: kubeba kindoo cha maji, kusukuma ukuta kwa mikono miwili, kuruka mara kumi. Kwa uzoefu wangu, mtoto anayeanza siku kwa kusukuma na kubeba hutulia haraka kuliko anayeanza kwa katuni. Simu asubuhi, hapana. Sitaeleza zaidi, mliowahi kumpokonya mtoto simu saa 11:35 mnajua.

Chakula nitakipitia upesi. Tumbo la saa 11 alfajiri halitaki chapati mbili. Nusu kikombe cha uji wa ulezi, au chai ya maziwa na andazi moja, na kingine kiwekwe kwenye hotipoti aende nacho.

Sasa lile gumu: usingizi.

Tufanye hesabu. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa kila saa 24. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilisema wa miaka 3 na 4 wanahitaji saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Mtoto wetu anaamshwa saa 10:50 alfajiri. Ili apate hizo saa 9 za chini kabisa, anatakiwa awe amelala, si awe kitandani, saa 1:50 usiku. Saa 1:50! Nyumba nyingi za Dar muda huo ugali haujasongwa, baba yuko kwenye foleni, na taarifa ya habari ya saa mbili haijaanza. Tamthilia bado.

Kwa hiyo siwezi kuandika makala ya asubuhi tulivu nikajifanya sioni hilo. Mtoto anayelala saa 4 usiku na kuamshwa saa 10:50 amepata saa sita na dakika hamsini, na hakuna picha ya mswaki mlangoni itakayofidia deni hilo. Jua la Dar huchomoza saa 12 kamili hivi mwezi Desemba, na saa 12 na nusu au zaidi kidogo mwezi Julai. Maana yake mwaka mzima mtoto huyu anaamshwa kwenye giza, wakati mwili wake ungali unatoa homoni ya usingizi. Washa taa zote atakapoamka na fungua pazia. Jioni fanya kinyume: chakula cha watoto kitangulie cha wakubwa, hata kama ni kiporo cha mchana kilichopashwa moto, na taa za chumbani kwao zipunguzwe. Jioni ndipo pia sare zinapopasiwa na begi linapopangwa. Umeme wetu mnaujua. Pasi ya alfajiri ni kamari.

Lakini pia nawaambia wazazi jambo wasilopenda: uliza mnakaa namba ngapi kwenye njia ya gari la shule. Wa kwanza kuchukuliwa anazungushwa zaidi ya saa nzima. Familia mbili nilizozihudumia walibadilisha kituo tu, mtoto akapandia barabara kuu badala ya getini, akaongeza dakika 35 za kulala. Nyingine ilihamishia mtoto shule ya jirani isiyo na jina kubwa, na mama alinipigia kunishukuru kana kwamba nimempa dawa. Kenya waliandika kwenye kanuni zao za elimu ya msingi za 2015 kwamba masomo ya shule za kutwa yawe kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Mabasi ya Nairobi bado yanawaokota watoto gizani, lakini angalau mzazi ana karatasi ya kuonyesha.

Swali ninaloulizwa zaidi ni: itachukua muda gani mpaka azoee? Utafiti mmoja wa chuo kikuu cha UCL, kilichoko London, uliochapishwa 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia moja mpya, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani tabia ilijifanya yenyewe baada ya siku 66, lakini wengine walitumia 18 na makadirio kwa wengine yalifika 254. Hao walikuwa watu wazima wanaojitakia wenyewe. Kwa hiyo mzazi anayeniambia wiki ya pili kwamba "mbinu yako haifanyi kazi" namwomba avumilie muhula mmoja. Siku moja ikiharibika, mvua ikanyesha, mtoto akaamka na homa, haivunji kitu. Utafiti huo huo ulionyesha kuruka siku moja hakumrudishi mtu mwanzo. Jumatatu baada ya likizo, tegemea vurugu.

Goba nilirudi baada ya wiki saba, na stuli ile ile. Mtoto alitoka chumbani akiwa amevaa, soksi nje ndani, kifungo kimoja kimerukwa. Mama alikuwa ameketi na kikombe cha chai, jambo ambalo alisema halijatokea tangu mtoto aanze shule. Nilihesabu tena. "Haraka" zilikuwa nne, na tatu kati yake alikuwa anaambiwa baba, aliyekuwa bado anatafuta funguo za gari. Tulipiga msumari mwingine, karibu na mlango.