Paka anakojoa sana, basi figo zake ni nzima?

Hapa Kigoma, kuanzia mwalo wa Kibirizi mpaka Ujiji, paka wetu wamezoea dagaa na wengi huishi hadi uzeeni. Mmoja akianza kukonda na kuganda kwenye bakuli la maji, utasikia: "Uzee huo. Mradi anakojoa, figo zinafanya kazi." Dhana hii inaumiza paka wengi, maana hapo ndipo alipaswa kupimwa.

Figo nzima hurudisha maji mwilini, ndiyo maana mkojo wa paka huwa kidogo, wa njano iliyokolea, wenye harufu kali. Figo zikichakaa haziwezi tena. Mkojo hutoka mwingi, mwepesi, karibu hauna rangi, na paka hunywa sana kufidia maji yanayompotea. Kama unamwekea mchanga ndani, tazama pale anapokojolea: palipolowa pakizidi kupanuka na ile harufu ikafifia, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Daktari hupima ukolezi, yaani uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji safi (1.000), kwa tone moja tu, kwa rifraktomita, kifaa kidogo cha kutazamia mwanga ukipita kwenye mkojo. Paka mwenye figo nzuri kwa kawaida huvuka 1.035. Mkojo ukibaki kati ya 1.008 na 1.012, unatoka bila kukolezwa wala kuzimuliwa, yaani huenda figo haziufanyii kazi. Kisukari nacho huongeza mkojo, kwa hiyo kipimo hurudiwa na damu huchukuliwa.

Wengine hutulia wakiambiwa damu iko sawa. Kreatinini ya damu, taka ya misuli ambayo figo huichuja, huweza kukaa kawaida mpaka takribani robo tatu ya uwezo wa figo iwe imepotea! Mara nyingi mkojo hutangulia kusema, ingawa wapo paka ambao damu hubadilika mkojo ukiwa bado mzito. Pima vyote viwili.

Vijiti vya kupimia mkojo wa binadamu navyo havitoshi. Kwa paka, sehemu yake ya ukolezi haiaminiki, na ya protini hudanganya, kwani mkojo wa paka, hasa dume asiyehasiwa, una protini yake ya asili. Kinachofaa ni uwiano wa protini na kreatinini ndani ya mkojo: chini ya 0.2 ni salama, juu ya 0.4 figo huenda zinavujisha, mradi hakuna damu wala maambukizi kwenye mkojo.

Tafadhali, usimnyime maji ili asikojoe ovyo, wala usimpe diklofenaki, dawa ya maumivu ya binadamu, ya nyumbani. Vyote viwili humalizia figo zilizobaki. Kupata mkojo, weka kokoto safi, kavu, badala ya mchanga, mimina kwenye kichupa kisafi, uupeleke ungali mbichi. Ukichelewa, uhifadhi kwenye friji.