Mlisho wa RSS: kufuata blogu nyingi kwa bando dogo, na kutunza ulichookota

Mlisho ni faili dogo la maandishi ambalo blogu hulitengeneza yenyewe kila makala mpya inapochapishwa. Ndani yake hamna rangi, menyu wala matangazo ya pembeni. Mna orodha ya makala za karibuni, na kila makala imeandikiwa kichwa chake, kiungo chake, tarehe, namba ya utambulisho, na maneno yenyewe, yote au sehemu. Faili hilo lina anuani ya kudumu. Unaipa programu ya kusomea milisho anuani hiyo mara moja tu. Baada ya hapo programu yenyewe hupita kuchungulia, na ikikuta jipya inakuletea. Mtu mwenye blogu 30 anazozipenda hana haja ya kuzungukia kurasa 30. Anafungua sehemu moja.

RSS, muundo unaotumika kuandikia milisho, ilianzia Netscape, kampuni ya zamani ya vivinjari, mwaka 1999. Toleo la RSS 2.0, ambalo bado linatumika, ni la mwaka 2002, na mwenzake aitwaye Atom alisanifiwa mwaka 2005. Kwa msomaji ni mamoja, kwa kuwa programu za kusomea husoma zote mbili. Kikubwa ni kwamba mlisho si mali ya kampuni yoyote. Hujisajili popote kwa mwenye blogu, hapati namba yako ya simu wala barua pepe yako, na hakuna mtambo katikati unaoamua uone nini na ufichwe nini. Makala hazichujwi, zinakuja kwa mpangilio wa tarehe.

Kwa aliyeko Kigoma au Tabora faida inaonekana haraka kwenye bando. Ukurasa mmoja wa blogu wenye picha na matangazo unaweza kula MB 2 au zaidi, wakati mlisho wa makala 10 za maandishi matupu mara nyingi haufiki hata KB 200. Tena seva, yaani kompyuta inayohifadhi blogu, ikiwa imepangwa vizuri, programu ikiuliza na hakuna jipya hujibiwa namba 304, yaani hakuna kilichobadilika, na hakuna makala inayopakuliwa upya. Ingia kwenye mipangilio ya programu ufanye mambo matatu: ruhusu kupakua kwenye Wi-Fi tu, zuia picha zisijipakue kwa bando, na washa kipengele cha kuvuta makala kamili ili usome bila mtandao. Ukiacha simu ivute usiku mahali penye Wi-Fi, kesho yake ukiwa kwenye treni ya Tabora kwenda Kigoma unaendelea kusoma hata pale baada ya Kaliua ambapo mtandao unakatakata.

Kuipata anuani ya mlisho

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu blogu nyingi siku hizi hazionyeshi tena ile alama ya rangi ya chungwa. Anza kwa kubandika anuani ya kawaida ya blogu kwenye programu. Nyingi hutafuta mlisho zenyewe. Isipopatikana, angalia blogu imejengwa kwa mfumo gani. Ya Blogger, ile yenye blogspot kwenye jina, mlisho wake hupatikana kwa kuongeza /feeds/posts/default mwishoni mwa anuani. Ya WordPress unaongeza /feed/, na Substack vilevile /feed. Hata chaneli ya YouTube ina mlisho: ni youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id= ikifuatiwa na namba ya chaneli, ile inayoanza na herufi UC.

Kwenye WordPress kuna mtego mmoja unaowakamata wengi. Hakikisha /feed/ unaiongeza kwenye anuani ya ukurasa wa mwanzo. Ukiibandika mwishoni mwa anuani ya makala moja, utapewa mlisho wa maoni ya wasomaji wa makala hiyo, halafu utashangaa mbona blogu haileti kitu kipya.

Unaweza pia kuchukua mada moja tu. Blogu ya WordPress inayochanganya siasa, mpira na mapishi, ongeza /category/mapishi/feed/ na utapata mapishi peke yake, mradi mwenye blogu ameipa kategoria hiyo jina hilo. Kwa Blogger ni /feeds/posts/default/-/Mapishi, na hapo herufi kubwa na ndogo zinahesabika: lebo ikiwa imeandikwa Mapishi, ukiandika mapishi hupati kitu.

Ukiifungua anuani ya mlisho kwenye kivinjari utaona mistari iliyojaa alama za mabano. Usihofu, hiyo ndiyo sura yake. Nakili anuani tu uipeleke kwenye programu. Ukijibiwa 404, mlisho haupo mahali hapo. Na kwenye Blogger mwenye blogu anaweza kuuzima kabisa, ambapo hakuna cha kufanya zaidi ya kumwomba auwashe.

Programu ya simuni na programu ya seva

Tofauti hii watu huipuuza, nayo ndiyo inayoamua utapoteza makala au la. Aina ya kwanza hufanya kazi yote ndani ya simu yako: Feeder kwa Android, NetNewsWire kwa iPhone. Zote mbili ni za bure, hazidai akaunti. Aina ya pili hufanyia kazi kwenye seva yake na wewe unaingia kusoma kwa akaunti: Feedly, ambayo mpango wake wa bure una kikomo cha vyanzo 100, au Inoreader.

Mlisho haubebi makala zote tangu blogu ianze. WordPress isipobadilishwa hubeba 10 za mwisho tu. Sasa chukua blogu ya habari inayotoa makala 20 kwa siku. Simu ikizima Ijumaa jioni hadi Jumapili, makala karibu zote za siku hizo zitakuwa zimeshasukumwa nje ya mlisho kabla programu yako haijaziona. Programu ya seva, kwa kuwa hailali, ingekuwa imezidaka. Kwa blogu inayoandika mara mbili kwa wiki hakuna hatari hiyo, na programu ya simuni inatosha kabisa. Ushauri wetu ni huo: fuata kwa mlisho wale wanaoandika kwa nadra na kwa makini, maana hao ndio rahisi kuwasahau. Habari za kila saa zitakufikia tu kwa njia nyingine.

Makala ikija aya moja halafu ikakatika, si kosa la programu. Mwenye blogu amechagua kutoa muhtasari ili uende kwake. Washa kuvuta makala kamili kwa chanzo hicho peke yake. Ukiamka ukakuta makala za zamani zote zimerudi kama mpya, jua blogu imehama anuani au imebadilisha namba za utambulisho. Bonyeza zote zimesomwa, yaishe. Na makala zisizosomwa zikilundikana hadi elfu moja, tatizo ni vyanzo vingi mno. Ondoa kwanza kile kinacholeta nyingi usizozifungua.

Jambo la mwisho kwenye upande huu, na tafadhali lifanye siku ileile unayomaliza kupanga vyanzo vyako: toa faili la OPML. Programu hizi zote zina sehemu ya kuhamisha orodha nje, na faili hilo ndilo orodha yenyewe ya blogu zako pamoja na folda zake. Lina ukubwa wa KB chache tu, jitumie kwa barua pepe. Google Reader, programu ya kusomea milisho iliyokuwa ikitegemewa na wengi sana, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. Aliyekuwa na OPML alihamia programu nyingine kwa dakika mbili.

Kuhifadhi ni kazi nyingine

Mlisho unaleta, hautunzi. Programu nyingi za simuni husafisha makala za zamani zenyewe, kwa hiyo usizifanye ghala. Picha ya skrini nayo ina udhaifu wake: haibebi kiungo, maneno yake ni taabu kuyatafuta, na baada ya miezi mitatu imezama chini ya picha mia mbili za harusi. Alamisho ya kivinjari hushika anuani peke yake, na anuani hufa. Mwenye blogu huacha kulipia jina la tovuti, au hulazimika kusimama: mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kudai leseni kwa wenye blogu Tanzania, baadhi yao walifunga.

Zipo huduma za kuweka makala usome baadaye, kama Instapaper, Raindrop.io na wallabag. Ni nzuri, ila zitumie ukijua nazo hufungwa: Pocket, iliyoanza mwaka 2007, ilisimamisha huduma tarehe 8 Julai 2025. Kwa makala ambayo kweli utaihitaji, tengeneza nakala yako mwenyewe. Kwenye Chrome ya Android fungua menyu ya vidoti vitatu, chagua kushiriki, kisha kuchapisha, na pale pa kuchagua printa uchague kuhifadhi kama PDF. Kabla ya kubonyeza, shuka hadi mwisho wa ukurasa ili picha zote zifunguke, la sivyo PDF itatoka na nafasi tupu.

Halafu andika dokezo, kwenye Google Keep au daftari lolote la simu. Hapa ndipo wazo linapokuwa mali yako. Tuseme fundi cherehani wa Mwanga, Kigoma, amekuta kwenye blogu ya mishono sketi ya kitenge yenye marinda ya boksi. Akihifadhi picha tu, mteja akija mwezi ujao ataanza kukisia upya. Dokezo lenye kazi linasomeka hivi:

«Sketi ya marinda boksi, kitenge. Kiuno inchi 28. Rinda moja linaonekana inchi 2, linakula inchi 6. Marinda 14, jumla inchi 84, yaani yadi 2 na inchi 12. Ongeza inchi 1 kila upande ya kushonea. Piga pasi kila rinda kabla ya mkanda. Kiungo cha makala. Tarehe niliyoiona. Ya kumjaribishia mteja wa sare.»

Mistari hiyo inabeba mambo manne ambayo dokezo lolote linayahitaji: wazo kwa maneno yako, vipimo, chanzo, na matumizi uliyokusudia. Hilo la nne ndilo huachwa, na bila hilo hutakumbuka kwa nini ulihifadhi. Mfuga nyuki wa Sikonge anayefuata blogu za asali aandike vivyo hivyo: kipimo cha sanduku la mzinga, msimu, kiungo, na mizinga ipi atakayoijaribia. Lebo zisizidi sita au saba. Ukiwa na lebo arobaini utasahau uliweka wapi, wakati kutafuta kwa neno kungekufikisha papo hapo.

Makala ikiwa ya thamani kubwa, hasa kwenye blogu ndogo isiyo na mtu wa kuitunza, nenda web.archive.org/save, bandika kiungo chake na uthibitishe. Internet Archive, ghala la kurasa za mtandao, itaweka nakala yenye tarehe na kukupa kiungo kipya. Kiandike kwenye dokezo chini ya kile cha kwanza. Subiri hadi ikuonyeshe kiungo hicho ndipo ufunge ukurasa. Ukurasa mzito unaweza kuchukua dakika moja au zaidi, na mtandao ukikatika kabla hujakipata, rudia.