Bastola kiunoni Texas: sheria iliyopita, muswada uliofia kamatini, na vitu mnavyochanganya

Jumamosi kijana kaingia darasani kwangu hapa Houston, bastola kaichomeka kwenye suruali kwa mbele, holsta (mfuko maalumu wa kuwekea bastola) hakuna, shati kalipandisha ili ionekane vizuri. Nikamwambia simama hapo hapo usiiguse. Nikaichomoa mwenyewe, nikatoa magazini, nikavuta nyuma, risasi ikaruka kutoka kwenye chemba ikadondoka sakafuni, darasa zima kimya. Kijana ananitazama tu. "Mwalimu, si sheria ilishapita? Texas kibali hakuna tena, mtu anabeba wazi popote."

Hiyo "popote" imenichosha jamani. Nafundisha leseni ya kubeba bastola mwaka wa saba huu, wanafunzi wangu wengi ni Wakongo, Wakenya na Watanzania wenzangu, na kila bunge la jimbo likikaa zinaanza zile sauti kwenye magrupu ya WhatsApp, eti sheria mpya imepita, eti sasa ruksa kila mahali. Ukifuatilia unakuta ni muswada tu, mbunge mmoja kauingiza, haujafika hata kamatini. Bunge la Texas linakaa mwaka wa namba witiri, siku 140, miswada inayoingizwa ni maelfu na mingi inafia njiani. Muswada ukiingizwa hakuna kilichobadilika. Unapita Bunge la chini, unapita Seneti, gavana anasaini au anauacha upite bila saini, halafu kuna tarehe ya kuanza. Ule wa kubeba wazi, HB 910 (HB ni muswada ulioanzia Bunge la chini), Gavana Abbott aliusaini Juni 2015 lakini ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2016. Aliyetembea nayo wazi Desemba 2015 alikuwa anavunja sheria, basi.

Sasa kinachonikera zaidi ni hiki. Watu wanachanganya maswali mawili. Swali la kwanza, unaibeba vipi, wazi au umeificha? Swali la pili, unahitaji kibali au huhitaji? Haya hayaendi pamoja na kila jimbo linayajibu kivyake. Texas kuanzia 2016 mpaka 2021 ungeweza kubeba bastola wazi, ila na leseni. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2021, HB 1927, mwenye miaka 21 na asiye na kizuizi kisheria anabeba bila leseni. Florida wakaenda kinyume kabisa, Julai 2023 waliondoa kibali kwa anayebeba kwa kuficha lakini kubeba wazi kukabaki kosa, marufuku ya tangu 1987. Yaani wakati huo hukuhitaji kibali ila shati likipeperuka wakaiona, ungekuwa na maelezo ya kutoa. Miswada ya kubeba wazi ilipelekwa bungeni kwao tena na tena ikakwama, mwisho aliyefungua mlango hakuwa mbunge, ilikuwa mahakama ya rufaa, Septemba 2025, kwenye kesi ya mtu aliyekamatwa Pensacola tarehe 4 Julai 2022. Kwahiyo mtu akiniambia "Marekani inaruhusiwa" namuuliza jimbo gani, mwaka gani, na wewe ni nani.

Na hii Texas mnayoiona kama nchi ya bunduki, tangu 1871 mpaka 1995 kwa mtu wa kawaida kutembea na bastola mtaani ilikuwa kosa. Leseni za kubeba kwa kuficha zimeanza 1996. Bunduki ndefu ndo hazikuhitaji leseni muda wote huo, ndo maana mlikuwa mnaona watu na raifo begani hata kabla ya 2016.

Holsta napita haraka maana haina mjadala: ukibeba bastola wazi lazima iwe kwenye holsta. Sheria ya 2015 ilitaka holsta ya bega au ya mkanda, ya 2021 ikasema holsta tu. Kiuno cha suruali sio holsta. Mabango ya kuzuia silaha mlangoni nayo, yanaitwa kwa namba za vifungu vya sheria: 30.06 linamzuia mwenye leseni anayeficha, 30.07 mwenye leseni anayebeba wazi, 30.05 linamhusu asiye na leseni, na lile la 51% lenye wekundu ni la baa, usiingie na bastola. Duka hata likikosa bango, mwenye duka akikwambia kwa mdomo toka, toka. Ukibisha, kosa ambalo lingekuwa faini ndogo linakuwa kosa la kukupeleka jela.

Shule ndo nataka tukae kidogo. Kuna mama mmoja Mkongo, ananiita mwalimu ingawa kiumri ni dada yangu mkubwa, anafanya kazi usiku kulea wazee, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anapitia nyumbani, anapeleka watoto shule. Bastola iko kwenye droo ya gari, ina risasi. Akaniuliza leseni ya nini wakati Texas haihitajiki? Mama, ya Texas umesema kweli. Ila kuna sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule, kama mita 300 hivi, na adhabu inafika miaka mitano. Imeweka njia chache za kutoka, kubwa mbili: silaha haina risasi na imefungiwa kwa kufuli, au una leseni ya jimbo hilo ambayo polisi wamekuhakiki kabla ya kukupa. Jimbo kusema "huhitaji leseni" sio sawa na kukupa leseni. Kwahiyo yule aliyebeba bila kibali, halali kabisa machoni pa Texas, akipita barabara ya shule ya msingi ameshaingia kwenye kosa la shirikisho na hajui. Sasa hesabu hapa mjini kuna shule ngapi, utaendesha dakika tano bila kupita karibu na moja? Ni kweli kesi za hivyo peke yake huwa hazifunguliwi mara nyingi, sitawatisha bure. Lakini sisi wengine tuna grini kadi, na kuhukumiwa kwa kosa la silaha kunaweza kukuondoa nchini hata kama umekaa miaka ishirini. Mwenyeji akikosea analipa wakili, wewe unaweza kupoteza nyumba na watoto.

Turudi kwa yule kijana. Fomu yangu ina sehemu ya hadhi ya uhamiaji. Kaandika viza ya mwanafunzi. Nikaweka kalamu chini. Mwenye viza ya muda, kwa sheria ya shirikisho, haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha au hata risasi, isipokuwa kwa vipengele vichache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Yeye hakuwa nayo, na bastola yenyewe kaazima kwa anayekaa naye. Mjadala wote wa wazi au kuficha ulikuwa haumhusu. Nikampigia mwenye bastola akaja kuichukua, kijana nikamwambia Jumatatu atafute wakili wa uhamiaji.

Kuna kitu kwenye vitabu vya mafunzo hakipo. Mwaka 2015 wabunge wa Texas waligombana sana juu ya kipengele kimoja cha HB 910, kilichosema polisi asimsimamishe mtu kwa sababu tu kabeba wazi ili kumuuliza leseni. Kilisukumwa na Harold Dutton, Mdemokrati, na Don Huffines, Mrepublikani, na mwisho kikaondolewa. Mimi naona kilistahili kubaki, maana anayesimamishwa kwanza tunamjua. Julai 2016 Dallas, usiku polisi watano walipouawa, mtu mmoja mweusi alikuwa kwenye maandamano na bunduki ndefu aina ya AR-15 begani, kihalali kabisa, picha yake ikasambazwa na polisi kama mshukiwa, ikabidi aikabidhi bunduki kwa askari. Siku moja kabla, Minnesota, Philando Castile alikuwa na leseni, akamwambia polisi kwa heshima kwamba ana silaha, akapigwa risasi ndani ya gari lake.

Ndo maana mimi sibebi wazi, ingawa nalipwa kufundisha watu haki yao ya kubeba wazi, na nina shaka kama masaa manne mpaka sita ya darasa yanamtosha mtu kufanya uamuzi huo. Mtihani wenyewe ni risasi 50, yadi 3, 7 na 15, unahitaji 175 kati ya 250. Yule mama alipata 221, mkono haukutetemeka. Tukiwa tunaokota maganda akaniuliza, mwalimu, polisi akinisimamisha nianze kumwambia ninayo, au nianze kuonesha mikono? Nikamwambia mikono kwanza, juu ya usukani, taa ya ndani iwake, halafu useme taratibu, usifungue droo mpaka akuambie. Akauliza, na yule wa Minnesota si alisema taratibu? Nikasema ndiyo, alisema taratibu.