Hiyo "lawful" si sheria ya serikali

Jumamosi iliyopita, tukicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, paladini wetu, yaani shujaa wa upanga aliyefungwa na kiapo, alimkuta kijana mtoro amejificha zizini, akamfunga kamba, akamkabidhi kwa askari wa geti. Kijana alikuwa mtumwa, na kosa lake lote ni kukimbia. Msimamizi wa mchezo aliuliza mara mbili, "Una hakika?" Mwenzetu hakusita: "Mimi ni lawful good. Sheria ya mji huu inaruhusu utumwa, na mimi ni mtii wa sheria." Jibu la namna hiyo nimelisikia kwenye meza nyingi mno. Safari hii nimeona niandike.

Maana yenyewe haina mengi. Katika Dungeons & Dragons mhusika hupewa msimamo, na msimamo unapimwa kwa mizani mbili: moja ya wema na ubaya, nyingine ya utaratibu na vurugu, kila moja ikiwa na nafasi ya katikati. Tatu mara tatu, tisa. Lawful good ni yule aliye upande wa wema na upande wa utaratibu kwa pamoja. Basi.

Kinachotuponza ni neno lawful. Mchezo huu ulipotoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, wema na ubaya havikuwemo kwenye orodha ya misimamo. Yalikuwa makundi matatu tu: Law (utaratibu), Chaos (vurugu), na wasiofungamana na upande wowote. Na hiyo Law haikutoka mahakamani, ilitoka kwenye riwaya, hasa za Poul Anderson na Michael Moorcock. Kwa Anderson ni vita vya ulimwengu mzima, binadamu upande huu na viumbe wa kichawi upande ule. Shujaa wake ni mhandisi kutoka Denmark ambaye mwishoni anatambua kwamba yeye ni mmoja wa mapaladini, mashujaa wa mfalme Charlemagne katika hadithi za kale za Ulaya. Kwa hiyo paladini na Law ni watu wa nyumba moja tangu zamani. Moorcock naye alikwenda mbali zaidi: kwake, Law ikishinda kabisa ulimwengu unakauka, hakuna jipya linaloota. Sasa huo nao utauita wema?

Mizani ya wema na ubaya ilikuja baadaye, Gygax alipoieleza kwenye makala ya Februari 1976, na kitabu cha wachezaji cha 1978 kikaja na misimamo tisa kamili. Yaani wema uliwekwa kando ya Law kwa sababu watu walikwishaona kwamba Law peke yake haiubebi.

Sisi tukalichukua neno, tukalipa jina la "sheria", tukajikwaa hapohapo. Mimi ningesema nidhamu, ingawa najua kwa wengi wetu inanukia shule na viboko. Nidhamu imetujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni kupanga, kama mtu apangavyo lulu kwenye uzi. Shina hilohilo ndilo lililotupa nadhimu, yaani kutunga mashairi. Halafu tazama kitenzi chetu wenyewe: tunatunga shanga, tunatunga shairi, tunatunga sheria. Uzi ndio unaotangulia. Mhusika wa upande huu ni mtu mwenye uzi: ana kiapo, ana miiko, akisema jambo asubuhi utalikuta lilelile jioni. Uzi huo anaweza kuwa ameupata kwa mungu wake, kwa bwana aliyemfunza upanga, au kwa bibi aliyemlea. Amri ya mji unaouza watu haiwi shanga ya uzi wake kwa sababu tu yeye amepita getini.

Kitabu cha wachezaji cha 2014, nakiri, hakikusaidia: kinamweleza lawful good kuwa mtu wa kutenda lililo sawa kama jamii inavyotarajia. Jamii ipi, hakisemi. Lakini kile cha 1978 kilikuwa wazi kuliko tunavyokumbuka. Paladini akitenda kwa makusudi jambo la vurugu, alitakiwa kumtafuta kasisi wa ngazi ya juu, akaungama, akatimiza kitubio, yakaisha. Akitenda uovu kwa kujua na kwa hiari, upaladini ulimtoka palepale na haukurudi. Makosa mawili, adhabu mbili, na hazilingani hata kidogo. Anayedai kwamba utaratibu ndio uzito wa paladini na wema ni pambo lake, amezishika mizani kichwa chini.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Jumamosi, kuchagua paladini hukukosea, wala kuheshimu mji wa watu si dhambi. Ungeweza kwenda kwa liwali mchana kweupe ukamwambia huyu simtoi, kisha ukakaa mlangoni na upanga wako. Usingekuwa umetoka kwenye kisanduku chako cha lawful good. Kwenye karatasi ya mhusika wako, pale ulipoandika "mtii wa sheria", futa, uandike kiapo chako ni kipi. Kijana bado yuko kwenye chumba cha chini cha ngome, na kikao kijacho ni baada ya wiki mbili.