Nguvu ya mapatano hujengwa kabla ya kukutana

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wanaohudhuria mafunzo yetu hapa Dodoma mara nyingi huomba kufundishwa lugha ya kumshawishi mnunuzi, wakiamini kwamba apataye bei nzuri ni yule mwenye ulimi mwepesi. Ulimi husaidia, ila kinachoamua kwa kiasi kikubwa namna mapatano yatakavyokwisha ni swali ambalo kila upande hujiuliza kimoyomoyo: tusipokubaliana leo, mimi nitafanya nini? Mwenye jibu zuri la swali hilo huweza kukataa bila kutetereka, na asiye nalo hupokea atakachopewa, hata akiwa msemaji hodari namna gani.

Tazama tofauti iliyopo kati ya mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi na mkulima wa alizeti wa Kongwa. Zabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka, na zikishaiva hazimsubiri mtu. Mnunuzi analijua hilo, ndiyo maana huja bila haraka. Alizeti iliyokaushwa vizuri hukaa ghalani miezi kadhaa, hivyo mwenye nayo anaweza kumwacha mnunuzi wa kwanza aondoke zake. Mkulima wa zabibu anayetaka kubadili hali hiyo hawezi kuibadili kwa maneno siku ya mavuno. Inambidi aanze mapema, tangu mizabibu inapopogolewa, kwa kuzungumza na wanunuzi zaidi ya mmoja, kuuza kwa pamoja kupitia ushirika, au kusindika sehemu ya mavuno ili kupata mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, unaoweza kuhifadhiwa kwenye matangi. Kwa mazao makavu, mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani kuweka mazao katika ghala na kupewa hati inayothibitisha kwamba ni yako, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005, unaweza kufanya kazi hiyohiyo ya kumwondoa mkulima katika ulazima wa kuuza siku ileile anayohitaji fedha.

Ukishaijua njia yako ya pili, yaani utakachofanya msipokubaliana, ipigie hesabu, kwa maana huko ndiko inakotoka bei ya kikomo, ile usiyokubali kushuka chini yake. Tuchukulie kwamba gunia la mahindi la kilo 100 linauzwa shilingi 78,000 katika soko la Kibaigwa, na kwamba kulifikisha huko kunagharimu shilingi 6,000 kwa usafiri, upakiaji na ushuru. Kitakachobaki mkononi ni shilingi 72,000. Mnunuzi aliyefika nyumbani kwako akitoa shilingi 73,000 amekupa zaidi ya soko, ingawa bei yake inasikika ndogo, na akitoa 70,000 una sababu ya kumkatalia kwa heshima. Kikomo hiki kiandikwe kabla ya mazungumzo, wala asitajiwe mwenzako.

Hata hivyo, bei bila kipimo haina maana, na hapa ndipo wakulima wetu wanapopoteza fedha nyingi pasipo kujua. Shilingi 72,000 kwa gunia la kilo 100 ni shilingi 720 kwa kilo. Gunia hilohilo likishindiliwa lumbesa likafika kilo 120, kila kilo imeuzwa shilingi 600. Mkulima ataondoka akijisifu kwamba bei haikushuka hata senti. Sheria za vipimo haziruhusu ufungashaji wa namna hiyo, na Wakala wa Vipimo una wajibu wa kuusimamia, lakini kinga iliyo karibu zaidi ni kutaja kilo na kuweka mzani mbele ya wote wawili kabla ya kutaja shilingi.

Bei pia huwa na wenzake: muda wa malipo, wingi wa bidhaa, nani anabeba gharama ya usafiri. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi kufuatia tangazo la mwaka 2016, watumishi wengi wamejikuta wakipanga nyumba Nkuhungu, Ilazo na kwingineko, huku mzozo ukiishia kwenye kodi ya mwezi pekee. Ukimuuliza mwenye nyumba kwa utulivu kwa nini anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, huenda ukagundua kwamba anataka kumalizia vyumba vya nyuma, jambo linalokupa nafasi ya kulipa anavyotaka ili akupunguzie kiasi cha mwezi au aweke mita yako ya umeme. Ukishauliza, nyamaza usikilize. Wengi wetu huogopa ukimya, tukajikuta tunajipunguzia bei wenyewe kabla hatujajibiwa.

Sheria ya Mikataba inayatambua makubaliano ya mdomo, lakini kuyathibitisha panapotokea ubishi ni kazi ngumu. Kwa ardhi hali ni tofauti: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi. Anayenunua kiwanja, hasa kupitia dalali, asitoe hata malipo ya awali kabla ya kuona nyaraka za umiliki, kuzihakiki katika ofisi ya ardhi, na kukutana na mmiliki mwenyewe. Maandishi yaonyeshe ukubwa wa eneo, bei, awamu za malipo, na nani atalipa gharama za kuhamisha umiliki. Kipengele hicho cha mwisho husahauliwa mara kwa mara, ilhali ni rahisi kukijadili wakati muuzaji bado anasubiri fedha yako.