Je, wajua kwa nini dawa za VVU hukatika mtu akitoka gerezani?

Mtu anaweza kukaa Gereza la Lilungu, Mtwara, mwaka mzima akimeza ARV kila siku bila kukosa, halafu akakosa vidonge wiki ileile anayorudi uraiani. Dawa zenyewe ni bure. Kliniki ya Tiba na Matunzo, hii tunayoiita CTC, ipo Ligula, ipo Newala, ipo Mkomaindo kule Masasi, ipo Ndanda, na ukiingia Lindi ipo hospitali za Sokoine na Nyangao. Sasa inakuwaje?

Wengi hukimbilia kusema ni uzembe: amepata uhuru, amerudia starehe zake. Mimi naomba tuanzie mahakamani, maana wapo wengi wanaotokea huko.

Mahabusu huamshwa alfajiri, hupanda karandinga, hupelekwa kesi yake ikatajwe. Vidonge vyake vimebaki zahanati ya gereza, na kadi yake ya CTC imo kwenye faili hukohuko. Saa nne asubuhi ndugu wametimiza masharti ya dhamana, au kesi imefutwa, na anaachiwa palepale. Nani atageuka kwenda kubisha lango la gereza kuomba chupa ya dawa? Mjomba amekuja kutoka Tandahimba kwa nauli ya kukopa. Mama analia. Gari la mwisho linajaza abiria stendi. Jioni kijana yuko nyumbani anakula ugali na kwao, na kidonge cha usiku ule kiko nyuma ya ukuta alikotoka.

Kwa mfungwa hali ni tofauti kidogo. Sheria ya Magereza inampa mwenye mwenendo mzuri punguzo la theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo aliyehukumiwa miezi 18 anaweza kuhesabu kwamba atatoka baada ya 12. Tarehe inajulikana, na kuna muda wa kumwandalia barua ya uhamisho na dawa za kutosha. Lakini faini huweza kulipwa ghafla. Upo pia msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba, ambao mara nyingi hutangazwa 26 Aprili au 9 Desemba, na siku hiyo watu wengi hutoka kwa mpigo. Anayetoka Desemba anafika kijijini mvua zimeanza, watu wanashinda mashambani, na hela ya korosho imeshapangiwa kazi. Nauli ya kwenda kliniki ataiomba kwa nani, na atasema anakwenda kufanya nini?

Tusidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Katika jimbo la Texas, Marekani, watafiti walifuatilia watu 2,115 wenye VVU waliotoka magerezani kati ya 2004 na 2007. Walitoka na dawa za siku 10 mkononi. Kabla dawa hizo hazijaisha, waliokwenda kuchukua nyingine walikuwa asilimia 5.4 tu. Hadi siku ya 30 walikuwa asilimia 17.7, na hadi siku ya 60 asilimia 30. Waliofanya vizuri zaidi ni wale waliosaidiwa kujaza fomu za kupata dawa kabla ya kutoka. Jambo hilo la fomu limenikaa sana kichwani. Dawa zilikuwapo na mgonjwa alikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye nusu saa na kalamu.

Kuna na hili la saa. Gerezani muda wa dawa hupangwa na watu wengine. Kengele ina wakati wake, chakula kina wakati wake, na mhudumu anajua nani hajaja kuchukua. Ukitoka, yote hayo yanakuangukia wewe, siku zilezile unapotafuta pa kulala, kibarua, na namna ya kumtazama mke uliyemwacha na watoto. Tena unabeba majina mawili kwa pamoja, mfungwa na mwathirika. La kwanza mtaa mzima unalijua, hulifichi. La pili unaweza kulificha, na njia ya kulificha ni kutomeza dawa mbele ya watu.

Itazame ile chupa yenyewe. Ni chupa nyeupe ya plastiki yenye vidonge 30, kila kimoja kikiwa na dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mchanganyiko huu ulianza kutolewa Tanzania 2019, na kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Shida yake ni kelele. Ukiiweka kwenye begi na kutembea, inacheza kama manyanga, na mtu aliyewahi kuisikia anaujua mlio wake. Ndiyo maana wengine huijaza pamba, na wengine huvimwaga vidonge kwenye mfuko wa nailoni na kuitupa chupa. Pamba haina neno. Mfuko wa nailoni una neno, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani ya Mikindani, kwa sababu ndani ya chupa kuna kijikopo kidogo cha kukausha unyevu, na kazi yake ni kuvilinda vidonge hivyo.

Na dawa ikikatika, mwilini kunatokea nini? ARV haziui kila kirusi. Zinavizuia visizaliane, ndiyo maana tunaziita dawa za kufubaza. Vingine hujificha ndani ya chembe za kinga vikiwa vimelala, na dawa haivifikii. Ukiacha kumeza, kiwango cha dawa kwenye damu hushuka ndani ya siku chache, vilivyolala huamka, na kwa watu wengi virusi huanza kupimika tena baada ya wiki mbili hadi nne. Anayefubaza virusi mpaka visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Virusi vikirudi, kinga hiyo ya mwenzi inaondoka, na mwenyewe hasikii dalili yoyote. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 5,400 kuhusu kuacha dawa na kuanza tena kwa vipindi. Waliokuwa wakiacha waliugua na kufa zaidi ya waliomeza mfululizo. Kwa aliyetoka gerezani ongeza kifua kikuu, ambacho husambaa kwa urahisi penye msongamano na humwandama zaidi mwenye kinga iliyoshuka.

Kinachosaidia hakihitaji mitambo. Huko Los Angeles, kati ya 2012 na 2016, watu waliotoka jela waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa wasaidizi ambao wenyewe wanaishi na VVU na wenyewe walishawahi kufungwa, wakawasindikiza kliniki na kukaa nao kwenye benchi la kusubiri. Baada ya mwaka, kundi hilo lilibaki palepale, karibu nusu yao virusi vikiwa vimefubazwa. Kundi lisilo na wasaidizi liliporomoka kutoka asilimia 52 hadi 30. Watu wa namna hiyo tunao. Ni WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, tunaowakuta CTC wakihesabu vidonge na kupiga simu kwa waliopotea. Naamini kabisa kwamba mmoja wao akisimama langoni asubuhi ya mtu kutoka atafanya kazi ambayo bango halitaifanya.

Ila kwa mahabusu hata langoni ni kuchelewa, kwa sababu hapiti langoni. Kwake maandalizi ni ya siku anayoingia: aulizwe anatumia dawa kutoka kituo gani, namba ya kadi yake iandikwe, aseme ndugu gani anajua hali yake na kama anaruhusu apigiwe. Hiyo ruhusa ni yake. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo chake, awe mfungwa au raia. Na siku anayokwenda mahakamani apewe vidonge vya siku kadhaa. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa 2015 kwa jina la Nelson Mandela, zinataka matibabu ya VVU na kifua kikuu yaendelee bila kukatika, na zinasema hivyo katika kanuni ya 24.

Sasa mfikirie yule kijana wa Tandahimba, siku ya tano nyumbani. Ameingia kliniki kwa nesi, kadi hana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una shida gani?"

Hapo ndipo wengi hukwama. Husema kichwa kinauma, hupewa panadoli, huondoka. Kama ni wewe, usiseme kichwa. Omba kuongea naye faragha, mwambie: nimetoka ndani, natumia dawa, kadi imebaki kule, nimekosa siku nne. Usimeze viwili kufidia siku zilizopita. Anza na kimoja cha leo. Kadi ina namba inayoonyesha mkoa, wilaya na kituo, lakini hata usipoikumbuka, jina lako na jina la gereza vinamtosha nesi kunyanyua simu.