Kuelemewa kwa wahudumu wa afya ya msingi wakati wa janga

Janga la ugonjwa likizuka, kamera hukimbilia wodi za wagonjwa mahututi. Wagonjwa walio wengi hawafiki huko. Wanahudumiwa na muuguzi wa zahanati, tabibu wa kituo cha afya, mkunga au mhudumu wa afya ya jamii. Hawa wanapobebeshwa kazi iliyozidi idadi yao, nguvu zao na vifaa walivyonavyo, tunasema wameelemewa.

Wengi hudhani ni suala la foleni ndefu. Foleni ni jambo dogo, na pengine hata hupungua, kwa kuwa watu wanaogopa kufika kituoni. Kinacholemea zaidi ni kazi mpya kupandishwa juu ya ya zamani bila ya zamani kuondolewa: kupima, kufuatilia waliokutana na wagonjwa, kuchanja watu wazima, kujibu simu, kukanusha uvumi. Wajawazito, wagonjwa wa kisukari na watoto wa kliniki nao bado wapo.

Huku kazi ikiongezeka, mikono inapungua. Mmoja ameugua, mwingine yuko karantini, wa tatu amehamishiwa hospitali kubwa. Kwenye kituo chenye wauguzi wawili, akikosekana mmoja, nusu ya huduma imekwenda naye. Wengine hawarudi kabisa. Ebola ya Afrika Magharibi iliyoanza mwishoni mwa 2013 iliua takriban asilimia 8 ya madaktari, wauguzi na wakunga wa Liberia, nchi ambayo tayari ilikuwa na wachache mno. Kwa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa kati ya Januari 2020 na Mei 2021 huenda walikufa wahudumu wa afya 80,000 hadi 180,000 duniani.

Kuelemewa si sawa na uchovu sugu wa kazi, ingawa huuzaa. WHO inauelezea uchovu huo kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona hufanyi la maana. Haiuhesabu kuwa ugonjwa. Inauhusisha na msongo wa kazini usiodhibitiwa vizuri. Ndiyo maana semina ya kutuliza mawazo, anayopewa muuguzi asiye na wa kumpokea zamu, naiona kama mzaha. Apewe kwanza mtu wa kumpokea, barakoa za kutosha na fomu chache za kujaza.

Tena mzigo hauishi maambukizi yanaposhuka. Mwaka 2020 watoto wapatao milioni 23 duniani walikosa chanjo za msingi za utotoni. Kuwatafuta, pamoja na wagonjwa wa shinikizo la damu walioacha dawa, ni kazi ya vituo vilevile, mara nyingi vikiwa na watu wachache kuliko kabla ya janga, kwa sababu baadhi yao wameshaacha kazi.